Famicom ya Japani, NES ya Uingereza au lile gemu la TV la kabatini: uanze na lipi?

Binamu yangu yuko Tanga, juzi kanitumia picha tatu usiku wa manane, hata salamu hamna, picha tu na alama ya kuuliza. Ya kwanza NES ya kijivu, ile mashine ya gemu ya Nintendo ya kufungua mlango kwa mbele, imetoka Uingereza na kaseti 9. Ya pili Famicom, nayo ya Nintendo ila ya Japani, nyeupe na maruni, ila nyeupe yenyewe ishageuka njano kama meno ya mvuta sigara. Ya tatu ni lile gemu la TV la kwao, bibi alilifungia kabatini kwenye mfuko wa rambo tangu tuko shule ya msingi na funguo akakaa nayo. Anasema kaka nataka kuanza kukusanya hizi mashine za zamani kwa akili, hela ninayo ya moja tu, nichukue lipi?

Nikamjibu kwa voisi kama dakika kumi na saba hivi, akalalamika bando limeisha, ndo naandika.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na mda aondoke nalo: kama umekulia huku kwetu chukua Famicom, na ukipata ile ya 1993 yenye waya za AV, zile za picha na sauti, usiulize mara mbili. NES ni mashine nzuri sana ila sio utoto wako, ni utoto wa mtu wa Manchester. Na lile la kabatini halinunuliwi, lakini usithubutu kuliuza.

Sasa sababu. Watu wengi hawajui kwamba walikua wanacheza Famicom maisha yao yote bila kuiona. Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800, aliyeongoza kuiunda anaitwa Masayuki Uemura. Walivoipeleka Marekani 1985 wakaibadilisha umbo na jina, ikawa NES, boksi kubwa la kijivu linalofanana na deki ya video, na hiyo ilikua makusudi maana biashara ya gemu kule ilikua imeporomoka 1983 na wenye maduka walikua hawataki hata kusikia neno gemu, ukija na kitu kinachofanana na deki angalau wanakusikiliza. Ndani ni ndugu wa damu. Ila mdomo wa kaseti umetofautiana, Famicom ina pini 60 na NES ina pini 72. Viwanda vya Taiwan na China vilivyokuja kunakili vikanakili ile ya Japani, ndo zikasambaa dunia nzima kwa majina tofauti, Warusi wakauziwa kuanzia 1992 kama Dendy, Wapoland wanaijua kwa jina la Pegasus, kwingine Micro Genius, sisi tukaiita gemu ya TV basi yameisha.

Kwahiyo chukua kaseti ya njano kutoka kwa bibi, ile imeandikwa 9999999-in-1 na ndani kuna gemu saba tu zinajirudia, ichomeke kwenye Famicom ya Japani. Inaingia, na kama shaba ni safi inawaka. Ichomeke kwenye NES ya Uingereza, haiingii hata ufunge na kuomba. Hoja yote imekaa hapo kwenye hizo pini.

Tuje kwenye gemu zenyewe maana mashine bila gemu ni pambo la kabati. Ile ya vifaru, mnajenga ukuta mnalinda tai asipigwe, jina lake Battle City, ya Namco, 1985. Ina stage 35 na ina sehemu ya kujenga stage yako mwenyewe, sisi tulikua tunamzungushia tai chuma pande zote afu tunakaa tunacheka. Hiyo Nintendo hawakuwahi kuitoa kwa NES, sio Marekani sio Ulaya. Ile ya sarakasi, jamaa kapanda simba anaruka mapete ya moto, Circus Charlie, 1986, nayo hakuna kwa NES. Nuts & Milk hakuna. Binary Land, wale pengwini wawili kila mmoja anaenda kinyume na mwenzie, hakuna. Mtu aliyekulia Uingereza na NES yake halali hizi hazijui kabisa, mwambie habari ya simba na moto atakuona umechanganyikiwa. Ukinunua NES ukijua unanunua kumbukumbu za sebuleni kwenu, ukiwasha utakuta ni sebule ya mtu mwingine.

Na Kontra sasa. Hii ndo huwa naitumia kumaliza ubishi. Contra ya Konami, ile ya majamaa wawili na bunduki, ilitoka kwa Famicom na NES 1988, na ya Famicom ina kichipu cha ziada ndani ya kaseti Konami walikiita VRC2, ndo maana ile ya Japani mwanzoni unaoneshwa hadithi, kati ya stage na stage unaoneshwa ramani, kule msituni minazi inayumba na upepo na stage ya barafu theluji inadondoka. Ya Marekani vyote hivyo vimekatwa, gemu ni ile ile ila imenyolewa. Ulaya wakafanya kituko, wakaona watu kuuana kwenye gemu ya watoto haifai, 1990 wakaitoa kwa jina la Probotector, wale majamaa wawili vifua wazi wamegeuzwa maroboti. Maroboti! Binamu yangu kwenye kaseti zake 9 za Uingereza Probotector ipo, kaniuliza hii ni Kontra mbili au vipi. Nikamwambia hapana mdogo wangu, hiyo ndo Kontra ya huko, wewe na mimi tulicheza na watu.

Kwenye spidi hapa lazima niwe mkweli hata kama inaniharibia kesi. Japani na Marekani TV zao ni NTSC, picha mara 60 kwa sekunde. Ulaya na huku kwetu ni PAL, mara 50. Gemu nyingi za enzi hizo zinahesabu mwendo kwa picha, kwahiyo ukiipeleka gemu ya 60 kwenye mashine ya 50 inatambaa, karibu asilimia 17 imepungua, na NES ya Ulaya juu ya hapo hata mashine yenyewe inaenda taratibu kidogo kwahiyo kama waliotengeneza hawakurekebisha, muziki unakua mzito na sauti inashuka. Zipo walizorekebisha, nyingi hawakujisumbua.

Sasa lile la bibi na mengi yaliyoletwa nchi za PAL nayo yanaenda 50. Maana yake Mario tuliyemjua sisi alikua mvivu! Siku ya kwanza nimewasha Mario kwenye Famicom ya kweli nlikufa shimo la kwanza, nikadhani pedi mbovu, kumbe mikono yangu imezoea Mario wa taratibu kwa miaka ishirini na kitu. Ilinichukua kama wiki. Kwahiyo ukitaka hisia ile ile kabisa ya utotoni, ile ya kwenye vidole, hiyo unaipata kwenye lile la kabatini tu, sio Famicom wala NES. Na muziki pia, kuna nakala nyingi kichipu chake cha sauti kimegeuza baadhi ya milio, noti ni zile zile ila zinalia kama mtu kabanwa pua, na wengi tuliokulia nazo tukisikia ya orijino tunaiona ndo feki.

Ila ya orijino ikiamua kuimba inaimba. Famicom kaseti inaruhusiwa kuleta sauti yake yenyewe ikachanganywa na ya mashine, njia ipo kwenye zile pini 60. Tafuta Akumajou Densetsu, ndo Castlevania III ya Japani, 1989, ndani ina kichipu cha VRC6 kinachoongeza sauti tatu. Iweke stage ya kwanza halafu weka toleo la Marekani pembeni, utaona kama bendi imeondokewa na watu watatu katikati ya harusi. NES hiyo njia haipo kwenye mdomo wa kaseti, hata utumie adapta ya kutoka 60 kwenda 72 sauti za ziada hazitoki mpaka fundi aguse ndani. Hapa NES haina cha kujitetea.

Tuje uimara maana hapa ndo wanabishana sana. NES ile ya mlango wa mbele ina ugonjwa wake maarufu, unawasha, taa nyekundu inawaka inazima inawaka inazima na skrini inabadilika rangi. Sababu ni mbili zimeungana. Moja ni soketi, kaseti unaiingiza afu unaibonyeza chini, na miaka inavoenda zile pini 72 zinalegea. Mbili ni kichipu cha ulinzi kinaitwa 10NES, kazi yake ni kuhakikisha kaseti ni halali na ya ukanda huo, asipopata jibu la mwenzie aliyeko ndani ya kaseti anaizima na kuiwasha mashine kila baada ya sekunde moja. Kwahiyo kaseti halali kabisa ikigusa vibaya unaonekana mwizi. Mafundi dunia nzima wanajua dawa, unainua au unakata mguu namba 4 wa hicho kichipu na mashine inaacha kuuliza vitambulisho. Tena Ulaya yenyewe iligawanywa, Uingereza na Italia na Australia walikua kundi A, nchi nyingine za Ulaya kundi B, ukinunua NES ya Uingereza na kaseti ya Ujerumani bila kukata huo mguu vinagoma. Famicom haina hayo mambo kabisa, kaseti inaingia kwa juu moja kwa moja, haina kichipu cha ulinzi, ndo maana hata nakala nyingi duniani zilinakili hiyo, mlango ulikua wazi.

Udhaifu wa Famicom ni pedi. Zimeungwa moja kwa moja kwenye mashine, waya mfupi, Wajapani walikua wanakaa chini karibu na TV. Pedi ikifa hauchomoi ukaenda kununua nyingine, inabidi ufungue. Nafuu yake ni kwamba bisi ni zile za kawaida za nyota, fundi redio yeyote ana bisibisi yake, na ndani waya umechomekwa kwenye bodi haujachomelewa. Pedi ya pili haina Start wala Select ila ina maiki, ndio, maiki, na kitelezi cha sauti, ukiongea sauti inatoka kwenye TV. Kuna gemu chache zinaitumia, Zelda ya Japani kuna adui mwenye masikio makubwa unamuua kwa kupiga kelele. Ukikuta Famicom vitufe vya A na B ni vya pembe nne vya mpira badala ya duara, hiyo ni ya mwanzo mwanzo kabisa, vilikua vinanasa ndo wakabadilisha, wakusanyaji wanazililia hizo.

Hii ya 1993, wenyewe wanaiita AV Famicom, ndo iliyotibu mengi. Pedi zinachomoka, na inatumia waya wa AV ule ule wa Super Famicom na Nintendo 64, mashine zao zilizofuata. Maiki imetolewa, hiyo inauma kidogo. Haikai kirahisi sokoni na bei yake iko juu kuliko ya kwanza, ila kwa mtu wa huku inajilipa yenyewe, nitakwambia kwanini.

Famicom ya 1983 haina AV, inatoa picha kwa waya wa antena tu, tena kwenye chaneli 1 au 2 za Japani. Hizo chaneli ziko karibu megahezi 91 na 97. Nani yuko hapo kwetu? Redio za FM! TV nyingi za huku hazishuki kutafuta picha eneo hilo, na inayoweza utapata Mario na chenga, ukikaa karibu na mnara unaweza ukapata Mario anaruka na mtangazaji anasoma salamu. Kwahiyo ya 1983 inabidi iende kwa fundi aitolee AV kwa ndani, kazi ni ndogo kwa anayejua ila asiyejua anakuachia mistari ya wima kwenye skrini kama nondo za dirisha. NES yenyewe ina matundu ya AV ubavuni tangu mwanzo, njano na nyekundu, unachomeka unacheza, hapa NES imeishinda Famicom ya kwanza goli safi. Na kama TV yako ikionesha Famicom kwa rangi nyeusi na nyeupe usipanike, mashine nzima, TV ndo haielewi rangi za NTSC, flati skrini za saivi karibu zote zinaelewa.

TV ya chogo kama unayo usiitupe. Ile bunduki ya gemu ya kupiga bata haifanyi kazi kwenye flati skrini, haijalishi ni orijino au feki, inategemea mwanga wa chogo unavochorwa mstari kwa mstari. Ya Famicom imeundwa kama bastola ya kauboi, nzuri kinoma.

Umeme sasa, na hapa nasema kwa uchungu. Famicom yangu ya kwanza ilikuja na adapta yake ya Japani, ya volti 100. Nimeipokea jioni, nina mzuka, plagi ya miguu miwili bapa nikaitafutia adapta ya ukutani, nikachomeka kwenye 230 za kwetu. Ilitoa mlio mdogo tu, kama mtu anasonya, afu harufu. Mke wangu akauliza nani anaunguza plastiki. Bahati nzuri iliungua adapta peke yake, mashine ikapona, ila nilikaa siku mbili siongei na mtu. Kwahiyo sikiliza, ile ya Japani iweke kabatini kama pambo, tafuta adapta ya kawaida ya 9V au 10V inayotoa DC, angalau miliampia 850, na katikati ya ncha iwe HASI, sio chanya kama adapta nyingi za mtaani, angalia ule mchoro mdogo kwenye lebo. Adapta ya Sega Mega Drive ya kwanza inafaa, Super Famicom nayo inatumia hiyo hiyo ya Famicom.

NES ya Uingereza hapa inakucheka. Adapta yake ni ya 240, plagi ya miguu mitatu ile ile yetu, unatoa kwenye boksi unachomeka. Ila hiyo adapta inatoa AC sio DC, NES inageuza yenyewe kwa ndani. Ukiichukua ukaichomeka kwenye Famicom unaiua, na inaingia vizuri tu kwenye tundu, haitakuonya. Kama una zote mbili ndani funga kitambaa chekundu kwenye adapta ya NES, mimi nimefanya hivyo.

Haya, kaseti adimu, maana najua wengine mmekuja kwa hili. Kila mtu kasikia kwamba Super Mario Bros. iliuzwa dola milioni 2 mwezi Agosti 2021. Kweli, na Aprili mwaka huo huo nyingine ilikua imepita mnadani Dallas kwa dola 660,000. Sasa mtu anapekua kabati la bibi anakuta kaseti ya Mario anaanza kupiga hesabu ya kiwanja Kigamboni. Tulia. Hizo zilikua za Marekani, kwenye boksi, hazijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, na zimepewa alama na kampuni ya kupima ubora. Mario yenyewe peke yake ni moja ya kaseti zilizotoka kwa wingi kuliko zote, ya kwako iliyoandikwa kwa peni "mali ya Juma usiibe" ni ya kucheza.

Adimu za kweli za NES ni kama ile ya mashindano ya Nintendo ya 1990 Marekani, za kijivu zilitolewa 90 kwa walioingia nusu fainali, za dhahabu 26 kwa bahati nasibu ya jarida lao, kaseti ina vitufe vidogo kwa mbele vya kupanga mda, kawaida unapewa dakika 6 na sekunde 21. Au Stadium Events ya Bandai ya 1987, ya kukimbia juu ya mkeka. Nintendo wakanunua haki za ule mkeka, wakautoa upya kwa jina lao na gemu wakaipa jina lingine, za zamani zikaondolewa madukani, basi zilizobaki zikawa lulu. Gemu ni ile ile! Toleo la Ulaya la hiyo hiyo Stadium Events bei yake ni mbali kabisa chini ya la Marekani, kwasababu lenyewe lilibaki sokoni. Wanalipia stika na historia, sio gemu, na mi sina ugomvi nao, mbona kuna watu wanalipia stempu.

Ila kwa anayeanza, tena kwa mshahara wetu, nakushauri achana na boksi na plastiki ya kiwandani. Nyie mnaokaa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar mnajua karatasi inavokua baada ya masika mawili, inavimba inatoa madoa, na mende wanapenda gundi ya boksi kuliko mkate. Mkusanyaji wa Denver, huko Marekani kukavu, anaweka boksi kwenye shelfu anaenda kulala, wewe unapigana na chumvi ya bahari. Kaseti tupu za Famicom ni rahisi, ndogo, za rangi rangi, unaweka kwenye kontena la plastiki la chakula na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Na Famicom kuna adimu zinazochezeka kweli, Gimmick! ya Sunsoft ya 1992 yenye sauti zake za ziada, Summer Carnival '92 Recca, hizo bei imechangamka lakini ukiweka kwenye mashine unaelewa hela imeenda wapi. Kuna za Irem za mwanzo zina kitaa kidogo chekundu kwenye kaseti kinawaka ukiwasha mashine, haisaidii chochote, nimenunua mbili.

Feki sasa, maana hapo ndo watu wanapoingizwa mjini. Mimi nilipigwa na muuzaji mmoja mtandaoni, kaseti ya "Japani orijino" picha inang'aa, kufika nikaifungua nikakuta ndani kile kidonge cheusi kama tone la lami limedondoshwa katikati ya bodi. Hiyo ndo alama ya nakala nyingi. Ya orijino ndani ina vichipu vya kawaida vyenye miguu na maandishi yaliyochapwa. Kesi ya kaseti ya Famicom orijino haina bisi, imebanwa kwa meno, na kampuni kubwa kama Konami na Namco zina maumbo yao ya kesi, ukishashika tatu nne mkono wenyewe unakwambia. Kaseti za NES zina bisi za ajabu, zinataka bisibisi ya milimita 3.8, muuzaji akikwambia haiwezekani kufungua mwambie mbona mi ninayo.

Halafu msiwadharau wenye kukusanya hizo hizo nakala. Kuna ubishi mkali hapo, wengine wanasema feki ni feki weka jalalani. Mi siko upande huo. Ile Tank 1990, nakala ya Battle City yenye vifaru vya ajabu na stage ambazo Namco hawakuzitengeneza, zile stika za Rambo kachanganywa na Sonic na Mario kwenye picha moja, hizo ndo historia ya gemu ya huku kwetu na hakuna kampuni iliyotunza kumbukumbu zake, zikitupwa zimetupwa. Ya Japani utaipata leo kesho na mwakani. Ile ya njano ya bibi ikifa hakuna pa kuagiza.

Kuna njia ya kati, unanunua mashine ya kweli afu EverDrive N8, kaseti moja ya kuweka memori kadi, gemu zote humo. Ipo ya pini 60 na ya pini 72, na ya Famicom inatoa hadi zile sauti za ziada. Bei ni ya kukaa chini kwanza, lakini ukilinganisha na kununua kaseti moja moja inakuja kuwa nafuu. Wakusanyaji wagumu wanasema huko ni kudanganya. Waache waseme, wao ndo wanaogopa kucheza kaseti zao.

Nani achukue NES basi? Wewe uliyekulia Ulaya au Marekani, shangazi alikutumia moja 1991, au umewahi kuicheza ya kweli kwa jirani mwenye uwezo. Au hutaki kabisa habari za adapta na fundi, unataka uchomeke leo ucheze leo. Au unataka RPG, zile gemu za hadithi ndefu, kwa Kiingereza, maana Famicom gemu za kusoma sana zimejaa Kijapani tupu utakua unabonyeza tu kama kipofu sokoni. Hayo ni maeneo NES inashinda wazi.

Mengine yote Famicom. Na usiogope eti haitengenezwi tena, Nintendo waliendelea kuzitoa mpaka 2003 na kuzipokea kwa matengenezo mpaka 2007, kwahiyo za hali nzuri bado zipo nyingi.

Binamu keshaamua Famicom, ile ya njano njano, muuzaji kashusha kidogo. Nimemwambia kabla hajatuma hela aombe video, sio picha, video, mashine inawaka na gemu inachezwa si chini ya dakika tano maana zingine zinazingua zikipata joto, abonyeze kila kitufe cha pedi zote mbili, aseme kitu kwenye ile maiki tusikie, afu aigeuze juu chini tuone kama bisi zote sita zipo. Jamaa kajibu maiki ndo nini.

Nimemwambia binamu ashushe tena bei, huyo hajui anachouza.